Samadi Iliyogoma Kuoza

Tulipohamishiwa kijiji kipya upande wa Mtinko, kitu cha kwanza tulichokisifia sisi wanawake kilikuwa kisima. Kilikuwa karibu, hatua chache tu kutoka safu ya mwisho ya nyumba, na maji yake yalikuwa na magadi ya kutosha kulainisha mlenda, mboga yetu ya kuteleza, bila kutia kitu kingine. Kule tulikotoka magadi tuliyafuata mnadani. Hapa unachota, unabandika chungu, na mlenda unavutika mpaka unaukata kwa kidole. Kwa kunywa maji yale hayakufaa, kwa hiyo ya kunywa tuliyachimba kwenye mchanga wa korongo, mwendo wa karibu saa nzima kwenda tu. Lakini kisima kile tulikipa kila sifa, na mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa juzijuzi, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi. Kijiji kilipoamua wanawake walime bustani ya vitunguu wakati wa kiangazi, walinichagua mimi niisimamie. Nadhani waliona ni afadhali kunichagua kuliko kunisikiliza nikimlalamikia mwingine msimu mzima. Bustani tukaipima kando ya kisima.

Iliyobaki ilikuwa samadi, na samadi alikuwa nayo mama mkwe wangu.

Tulikaa naye kiwanja kimoja. Baba mkwe alifariki mwaka mmoja kabla ya kuhama. Ng'ombe wake wengi walikwisha na ukame, waliosalia wakagawanywa kwa ndugu, hata mmoja hakufika kijijini. Kilichobaki kule kwenye mahame, makazi tuliyoyaacha, kilikuwa zizi lenye samadi ya miaka mingi, iliyoshindiliwa na kwato, juu kavu na chini nyeusi. Kwetu sisi wakulima wa uwele, mtu mwenye zizi la namna ile ni mtu mwenye shamba, na asiye nalo ana uwanja tu. Mama mkwe angeweza kuiweka kwa ajili ya shamba lake mwenyewe. Badala yake alisema, "Chukueni ya bustani. Baba yenu hakufuga ili izikwe kule."

Tulikwenda na matenga kichwani siku nyingi. Yeye mwenyewe alishika jembe, akikata samadi ile vipande vipande. Siku ya mwisho alijaza tenga lake dogo, akalipeleka nyumbani. Nikadhani ni la maboga yake.

Siku tuliyopandikiza miche alikuja kusimama kwenye matuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Utanyweshea maji haya?"

"Ndiyo mama. Yako hapa hapa."

"Haya ya mlenda?"

"Haya haya. Kama yanauweza mlenda, kitunguu kitayashindaje?"

Wenzangu wakacheka. Yeye akaangalia ndoo yangu, kisha akaniangalia mimi. "Mlenda tunataka ulegee," akasema. "Kitunguu unataka kisimame." Akaondoka. Nilicheka tena, na leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu mpaka kwenye masikio.

Wiki tatu za kwanza vitunguu vilinipa kiburi. Halafu ncha za majani zikaanza kuungua, kama mtu amepita na kijinga cha moto, na majani yenyewe yakageuka manjano. Nikasema ni njaa ya samadi, tukaongeza samadi. Nikasema ni kiu, tukaongeza maji. Udongo ukafanya ukoko mweupe juu ya matuta, ukawa mgumu kama sakafu iliyosiribwa, na maji tukiyamwaga yanasimama juu yakitutazama. Kadiri tulivyoongeza ndivyo vitunguu vilivyozidi kudumaa. Baada ya miezi miwili vilikuwa vyembamba kama nyuzi, na wanawake wakaanza kunong'ona kwamba msimamizi hajui kazi.

Hapo ndipo nilipokosa. Nilirudi nyumbani jioni moja mikono imechubuka, nikamkuta mama mkwe amekaa nje anachambua mlenda mkavu. Hata shikamoo sikutoa. Nikamwambia mbele ya mume wangu kwamba samadi yake imekufa, kwamba imekaa mno haina nguvu yoyote, na kwamba tumebeba takataka kutoka mahame mpaka huku.

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mama mkwe aliendelea kuchambua mlenda. Kwa siku kadhaa nikimwamkia aliitika marahaba tu, basi.

Nikaona pia kwamba siku nyingi sasa amepunguza kunywa maji. Nikimletea kata ya maji ya korongoni, ananywa nusu, iliyobaki anakwenda nayo nyuma ya nyumba. Nikajiambia ananuna. Nikajiambia anamwaga maji yangu makusudi, maji niliyoyabeba kichwani saa nzima. Nilikasirika, lakini sikuthubutu kumuuliza.

Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta chungu kilichopasuka mdomo kimewekwa kizingitini. Ndani yake palikuwa na udongo uleule mwekundu wa kijiji chetu, na samadi ileile, niliijua kwa mabua yake. Na vitunguu vitano vya miche ileile yetu. Vilikuwa vya kijani kilichoiva, majani manene, yamesimama wima. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Nilielewa nusu zote za kata zilikokwenda.

Sikumtafuta kwanza. Nilichukua jembe nikaenda bustanini peke yangu, nikafukua tuta la katikati. Samadi ilikuwa vile vile tulivyoiweka. Miezi yote ile, na mabua bado ni mabua, vipande vyake bado vina alama ya jembe la mama mkwe. Nilishika kimoja mkononi, hakikuvunjika. Samadi haikuwa imekufa. Tulikuwa tumeilaza kwenye magadi, na magadi yakaizuia kufanya kazi yake.

Nilirudi nacho kipande kile. Nilimkuta jikoni, nikapiga magoti, nikasema shikamoo, kisha nikasema, "Mama, nilitukana mali ya baba. Nimekosa." Nililia, sina sababu ya kuficha. Alikichukua kile kipande, akakigeuza, akakiweka kando ya jiko. "Unga wa togwa umechacha kwenye mtungi?" akaniuliza. Nikasema sijui. "Basi kaangalie," akasema, na nikajua tumeanza kuzungumza tena.

Baadaye alipita bwana shamba na baiskeli yake. Alichimba, akalowesha udongo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akatueleza kwamba samadi haimlishi mmea hivi hivi, kuna vijidudu visivyoonekana vinavyoivunjavunja kwanza ili mizizi ipate chakula, na sisi tulikuwa tumevinywesha chumvi. Tena magadi yalikuwa yameufunga udongo, haupitishi maji wala hewa. Akasema tuache kabisa maji ya kisima, tutifue, tuchimbe mtaro kuelekea mbugani, kisha tuiachie mvua ioshe. Mama mkwe alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamwandalia ugali na mlenda uliopikwa kwa maji yale yale.

Tulichimba mtaro. Mvua za kwanza zilituama juu ya matuta, rangi ya chai ya maziwa, nikakata tamaa. Tukatifua tena. Mvua za katikati zikaanza kuzama, na maji ya mtaroni yakawa yanatiririka. Upande ulio jirani na kisima haukupona, tuliuacha ukawa wa ng'ombe wa kupita kulamba chumvi. Lakini matuta sita ya mbali yalilegea, na mvua zilipoelekea mwisho tukapandikiza humo, tukanywesha kwa maji ya korongoni kwa zamu, kata kwa kata.

Siku moja mama mkwe alikuja tena bustanini. Nilikuwa nimebeba ndoo ya korongoni kutoka asubuhi. Aliinama kwenye tuta, akaingiza vidole mpaka kwenye kifundo, akatoa udongo mweusi, laini, hakuna bua hata moja ndani yake. Akaunusa kwa muda mrefu. Vitunguu vilikuwa vimesimama pande zote.

"Ng'ombe wa baba yenu," akasema, "sasa ndiyo wamehama."

Akakung'uta mkono kwenye kanga, akasema ana kiu. Nikamchotea kata kutoka kwenye ndoo, nikampa kwa mikono miwili. Akainywa yote, akanirudishia, akaomba nyingine.