Chaneli Mpya ya Kiswahili

Mume wangu ni fundi friji, na Kiingereza chake chote amekitoa kwenye vibandiko vya kompresa. Mgeni akimuuliza njia anajifanya ana kikohozi. Ila mama yake hajui hilo. Kila jioni wanakaa bega kwa bega mbele ya televisheni, Wamarekani wanafoka na kulia, naye anamtafsiria bila hata kumeza mate. Majirani wamembatiza Mkalimani. Mimi nipo kwenye cherehani yangu najing'ata ulimi, maana naona kabisa jambazi ameshika bastola, na huyu bwana anasema, "Hapo anamwomba mama yake radhi."

Tafsiri zake zote zina mtoto wa kiume aliyekwenda mbali, na lazima arudi. Shemeji yangu, mdogo wake, alikwenda ng'ambo kutafuta kazi, akapotea jumla. Simu yake haipatikani. Mama alipoanza kusukuma sahani bila kula, mume wangu akaja na salamu: "Dogo amenipigia kazini, hajambo." Basi ikawa ndiyo desturi, kila wiki salamu. Nilimwambia wazi, "Siku Mama akijua, hatakuamini hata ukimwambia jua limetoka." Akanijibu, "Wewe shona."

Ndipo likaja tangazo. Chaneli mpya, tamthilia za Marekani zilizozoa tuzo, zote zimetiwa sauti za Kiswahili, kuanzia Jumamosi! Na ya kwanza ni ile ile anayoipenda Mama, ya familia yenye shamba la farasi, tena toka mwanzo.

"Na wewe upumzishe koo, mwanangu," Mama akasema, meno yote nje. Mume wangu alipauka kama unga.

Jamani, wiki ile nyumba haikukalika. Mara amepanda kwenye bati kukaza waya wa dishi, mara amepanda tena kuulegeza. Mara king'amuzi kina joto, mara umeme wa Jumamosi hauaminiki. Akamrudishia mteja friji isiyo na mpini.

"Mwambie ukweli," nikamwambia.

"Nitamwambia."

"Lini?"

Akachukua bisibisi akatoka nje. Alinitia kiwewe hata mimi, nikashona mfuko wa sare ya shule mgongoni, ikabidi nifumue.

Jumamosi Mama alikaa mapema, amevaa gauni la kutokea. Picha ikaja safi, na kwa bahati mbaya sauti nayo ikaja safi. Yule kijana wa shambani akabeba begi. Mama yake akamuuliza atarudi lini. Katika tafsiri ya mume wangu, hapo kijana alikuwa akisema, "Niombee, Mama, nitarudi." Sasa tukamsikia wenyewe: "Sirudi. Msinitafute." Akabamiza mlango.

Mume wangu akawa anatazama sakafu. Mama akachukua rimoti, akazima sauti. Hakumgeukia mwanawe. Alinigeukia mimi.

"Mkwe wangu, wewe humung'unyi maneno. Mtu akikuletea kitambaa kibovu unamwambia usoni. Hebu niambie. Mwanangu anapiga simu kweli?"

Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa naililia. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga siku nyingi, na hasira ya kuyasemea nilikuwa nayo. Nikamtazama. Ile rimoti alikuwa ameikumbatia kifuani. Moyo uliniuma, sikufichi.

"Anapiga, Mama," nikasema. "Juzi nimeongea naye mimi mwenyewe. Anakusalimu sana."

Mume wangu akainua kichwa, akanikodolea macho kama mtu asiyenijua.

"Enhe," akasema Mama. "Alisema nini kingine?"

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikaanza kumweleza.