Siku Nyanya Alipomwitikia Mwandishi

Mwezi uliopita nilialikwa kusoma kitabu changu katika ile nyumba bapa ya sanaa mjini Embu, iliyo juu kidogo ya mtaa wa Majimbo. Labda umewahi kuiona: kuta za zege, dirisha moja kubwa linaloanzia sakafuni hadi darini, na paa lililolala kama meza. Sisi watoto wa kijiji cha Kibugu tuliiita nyumba isiyo na paa, maana kwetu paa ni mabati yaliyoinama, mvua ikinyesha humsikii hata anayekuita. Kabla sijaanza, dada anayesimamia programu alishika maikrofoni akaomba watu wazime simu na watulie. Wakatulia. Wee, walitulia! Nikasoma nusu saa nzima, na akili yangu yote ilikuwa kwa nyanya yangu.

Wacha nikwambie ilivyokuwa.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alituletea habari kwamba Jumamosi mwandishi kutoka Nairobi angesoma katika nyumba hiyo, na baada yake mtoto mmoja angesoma insha yake. Huyo mtoto ni mimi! Insha yangu ilihusu siku ng'ombe wetu alipokula kitambaa cha kichwa ambacho nyanya alivaa kanisani. Nilijisifu wiki nzima. Nilimwambia kila mtu kwenye foleni ya kupima majani chai, hata wale ambao hawakuniuliza. Kwa hivyo kama ningeshindwa, singekuwa na pa kuweka uso.

Siku yenyewe tuliamka alfajiri tukachuma majani kwanza, kwa sababu chai haimngoji mwandishi. Vidole vya nyanya vilibaki vyeusi kwa utomvu hata baada ya kuvisugua kwa majivu. Akavaa rinda lake la maua, akapakia kiondoni nduma, yaani magimbi, za kuchemsha na chupa ya uji wa wimbi, maana kwetu huendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Jirani alitubeba nyuma ya pikapu pamoja na magunia yake ya kabichi. Tulipofika, nyanya aliizunguka nyumba mara mbili akitafuta mlango wa jikoni ili ampe mwenye nyumba nduma. Hakuuona. Akaingia na kiondo chake, akakipakata.

Sasa, lazima ujue tulivyosimuliana nyumbani. Jioni tukiambua maharagwe karibu na moto, nyanya alikuwa akisimulia, na sisi tunaitikia kila anapotua: Ii! Ii! Ukinyamaza, anaikatiza hadithi na kukuuliza kama umelala. Kwake, msikilizaji asiyeitikia amekukosea adabu, tena vibaya.

Mwandishi akaanza. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani, anasoma polepole, anatua vizuri. Alipofika kwenye nukta ya kwanza tu, nyanya akaitikia kutoka safu ya pili, sauti yote: "Ii!" Watu wakageuka. Mwandishi akainua macho, akatabasamu, akaendelea. "Ii! Halafu?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wanafunzi wa shule za mjini walikuwa wanacheka hadi wanashikana mabega. Ndipo msimamizi wa nyumba, mama nadhifu mwenye viatu visivyo na kelele, akaja akainama.

"Shosho, pole, hapa huwa tunasikiliza tukiwa kimya, sawa?"

Nyanya akanitazama. Na mimi, niliyelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa mtoto mchanga, nikaangalia kando kama simjui. Bado naona aibu kulisema. Akafunga mdomo, na hakuufungua tena mpaka mwandishi akamaliza.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama mbele ya lile dirisha, nikafungua daftari. Nikasoma sentensi ya kwanza, nikatua. Kimya. Ya pili. Kimya. Maisha yangu yote sikuwa nimewahi kusimulia kitu bila kuitikiwa, na hapo ndipo nilipojua kwamba siwezi. Maneno nilikuwa nayaona kwenye karatasi, lakini hayakutoka. Mwalimu alinikazia macho: soma! Nyanya alikuwa ameinama, anaangalia nduma zake.

Nikateremsha daftari, nikamwita kwa Kiembu mbele ya umati wote: "Cucu, umelala?"

Akainua kichwa upesi. "Nilale nini? Endelea!"

Nikasoma, akaitikia, na ulimi ukafunguka. Nikasoma kwa madoido sasa, mkono mmoja hewani. Nikafika pale ng'ombe alipoikata kamba kwa nguvu za ajabu na kukirukia kitambaa kilichoanikwa uani. Hapo nyanya hakuitikia. Alisimama.

"Hapana danganya watu," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hiyo kamba haikukatika. Ni wewe ulisahau kufunga ng'ombe, ukaenda kucheza mpira wa kati na wenzako."

Jamani, kicheko! Mwalimu alificha uso kwa mkoba. Mwandishi alivua miwani akajifuta machozi, kisha akaniuliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

"Basi tusomee hiyo ya kweli."

Haikuwa imeandikwa popote. Nikaisimulia bila daftari, na kufikia mwisho nyumba nzima ilikuwa inaitikia, hata yule mama nadhifu. Baadaye nyanya akagawa nduma, na mwandishi akala vipande vitatu.

Siku hizi ile nyumba imepakwa rangi upya, ina maonyesho ya picha na warsha za watoto kila likizo, na nafurahi kwamba haijabomolewa. Nyanya alituacha zamani. Mwezi uliopita nilisoma sura kuhusu utoto wetu Kibugu, na mahali pawili nilikuwa nimepapamba, napajua. Kila nilipofika hapo nilitua, nikangoja kidogo. Watu waliniangalia kwa heshima, na mwishoni wakanipigia makofi marefu. Nilishukuru sana. Lakini duniani hakuna tena mtu wa kusimama na kuniambia nimedanganya.