Koti la Nchi ya Theluji

Dada yangu alikuwa fundi cherehani, mnene, mcheshi, mwenye pini mdomoni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nguo za harusi za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wowote.

Nchi ile aliiona kwenye televisheni ya chumba chake cha kushonea. Kila taarifa ya hali ya hewa, mtangazaji alisimama mbele ya ramani akiiziba kwa kiwiko: kinchi kidogo cha milimani, hata joto lake halitajwi. "Hebu sogea, kaka, tuone!" dada alimfokea, huku wateja wakicheka. Siku moja mtangazaji aliinama kukohoa, alama ya theluji ikaonekana. Dada akaacha kushona.

"Mdogo wangu," aliniambia, "Mungu anamwaga theluji kule kila mwaka, na hakuna hata anayegeuza shingo. Mimi nitakwenda kutazama."

Nilidhani ni mzaha. Kumbe wapi! Alishughulikia pasipoti, kisha akapiga simu kwenye nyumba moja ya wageni ya huko, kwa Kiingereza chetu cha shule. Nilikuwa pembeni, nasikia yote. Mwenye nyumba, mama mwenye sauti nzito, hakuelewa anakwenda kufanya nini.

"Una ndugu huku?"

"Sina."

"Biashara?"

"Sina, mama. Nakuja kutazama tu."

Kisha yule mama akasema taratibu, "Basi nitakuwekea chumba chenye dirisha kubwa."

Likabaki koti. La dukani alilikataa katakata. Fundi mzima, watu wangesemaje? Alikata kitambaa kizito, akakijaza pamba, akakipiga mistari ya uzi ili pamba isishuke yote chini. Lakini baridi yenyewe hakuijua. Akaenda bucha ya jirani kuomba afungiwe kwenye chumba cha baridi, katikati ya nyama zilizoning'inia.

"Ukiganda humo nakuuza kwa kilo," muuza nyama alimwambia.

"Utatajirika, shemeji. Si unaona nilivyo!"

Mara ya kwanza alitoka meno yakigongana, zipu ilikuwa inapitisha baridi. Akashona kipande cha kitambaa nyuma ya zipu. Mara ya pili alitoka macho yamemtoka.

"Nimeona pumzi yangu," alisema. "Miaka yote hii natembea nayo, kumbe inaonekana. Mungu alinipulizia kitu cha kuonekana kwa macho!"



Wiki chache kabla ya safari, moyo wake ulisimama akiwa kwenye cherehani. Tulimzika kwa sala, na mpaka leo namwuliza Mungu maswali ambayo sijui kama yanaruhusiwa.

Baada ya msiba, kaka yetu mkubwa alisema koti apewe mtu mwenye shida, na mimi nimpigie yule mama afute chumba. Nilipomtazama vibaya, akasema, "Utakwenda wewe? Wewe unayeogopa hata feni?" Ni kweli, feni huniumiza kifua.

Nilibeba lile koti mpaka bucha. Muuza nyama alinifungulia ule mlango mzito wa chumba cha baridi. Koti lilinizidi, ningeweza kumkaribisha mtu mwingine ndani. Lilinukia mafuta ya cherehani. Nilikuwa nimetafuta mahali pa kulia peke yangu, basi. Nikafungua mdomo kumwita dada, na jina lake likatoka jeupe, likaelea mbele ya uso wangu, likapanda polepole.

Nikasahau kulia. Nikasali kwa sauti, nikiitazama sala yangu ikipanda mbele ya macho yangu.

Nilipotoka, nilipiga simu palepale mlangoni.

"Mgeni wako amefariki," nilimwambia yule mama. "Mimi ni mdogo wake."

Alinipa pole, kisha akauliza afanye nini na chumba.

"Usimpe mtu," nilisema. "Pasipoti bado sina, lakini nakuja. Nakuja kutazama tu."