Mjomba Hayumo Kwenye Orodha

Sisi mafundi wa kiwanda cha sare cha Mama Chandrika hatuna wakili, tuna Regina. Anashona kola, cherehani ya tatu kutoka mlangoni, na kwenye droo anaweka kitabu cha sheria za kazi alichokijalidi kwa karatasi ya kaki. Saa ya chai maswali humiminika. Mjamzito anaweza kufukuzwa kwa sababu ya mimba? Hawezi, na akijifungua ana siku themanini na nne za likizo yenye mshahara. Nikiletewa barua ya kuacha kazi nisaini? Usisaini usichotaka. Na pale sheria isipokupa kitu atakuambia hivyo hivyo, kavu, hata ukinuna. Mimi nimenuna mara nyingi.

Mwezi wa sita, Lucy, binti kutoka Mgeta milimani, anayeweka vifungo, alipigiwa simu alfajiri kwamba mjomba wake amefariki. Akaondoka, akanitumia ujumbe nimwombee ruhusa. Kwetu Waluguru mjomba ndiye nguzo ya ukoo. Usipomzika utasemwa hadi uzeeni. Lakini nilishamsikia Regina akisoma orodha ya likizo ya msiba: mtoto, mume au mke, mzazi, babu na bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Mjomba hayumo. Basi mimi Agustino, mkata vitambaa, nikajitia ujanja. Nikamwambia Mama Chandrika kuwa Lucy amefiwa na baba.

Njia ya mwongo fupi. Siku ya tatu Mzee Fransisko, baba yake Lucy, alishuka mjini na gunia la njegere, maana mazao hayangoji msiba, akapita kwa Mama Chandrika, mteja wake wa miaka. Mama akabaki mdomo wazi mbele ya marehemu.

Lucy aliporudi alikuta barua: aje ajieleze kwa utoro na udanganyifu, na anaweza kuachishwa kazi. Ndiye anayemsomesha mdogo wake. Alilia mpaka nikaona aibu, na kwa aibu hiyo nikazidi kuharibu.

"Sema mjomba ndiye aliyekulea," nikamshauri, "kwa hiyo ni baba."

Regina akanikata jicho. "Agustino, mkasi wako ukate vitambaa. Ukweli uuache mzima."

Mfanyakazi anayeitwa kujieleza ana haki ya kwenda na mwenzake, kwa hiyo Regina akaenda na Lucy. Akanivuta na mimi kwa mkono wa shati.

"Shikamoo, mama," alianza. "Mjomba hayumo kwenye orodha. Hatujaja kudai siku za msiba."

Nikajua kesi imekwisha kabla ya kuanza.

"Lakini Lucy hakukudanganya," akaendelea. "Aliyekudanganya ni huyu."

Nikasimama, nikasema yote. Nikatoa simu. Ujumbe wa Lucy ulikuwemo bado: *Mjomba wangu amefariki, naomba uniombee ruhusa kwa mama.* Mama Chandrika aliusoma mara mbili.

"Siku nne alizokosa," Regina akasema, "zihesabu kwenye likizo yake ya mwaka. Ana siku ishirini na nane, hajagusa hata moja. Na kwa kuondoka kabla hajajibiwa, mpe onyo. Anastahili."

"Wewe Regina, unamtetea au unamshtaki?"

"Namtetea, mama. Ndiyo maana sikuletei uongo mwingine."

Lucy akapewa onyo, akarudi kwenye vifungo vyake. Mimi nikapewa onyo la mwisho, halali yangu, na tangu siku hiyo namheshimu Regina kuliko mtu yeyote kiwandani. Jioni, tukikunja vitambaa, nilimuuliza kwa nini alihatarisha kazi ya Lucy hivyo, wakati uongo mdogo tu ungetosha.

Alikunja sketi, akaiweka juu ya nyingine.

"Kwenye kiwanda cha kwanza nilichofanya kazi niliandika barua kwamba baba amefariki, nikaenda kumzika mjomba. Nikasifiwa kwa ujanja. Mwaka uliofuata baba akafariki kweli. Nilipoomba ruhusa wakatoa ile barua kwenye faili. Wakaniuliza, baba yako anakufa mara ngapi? Wakasema nikitoka getini nisirudi. Nilikuwa na mtoto mchanga, Agustino. Nikabaki."

Akakata uzi kwa meno.

"Baba alizikwa saa nane mchana. Saa nane ile mimi nilikuwa nashona mifuko ya kaptula."