Mtihani wa Nyanya

Shangazi yangu ana genge la nyanya sokoni na chumba kimoja cha kupangisha uani kwake. Ukikitaka chumba, hupelekwi kukiona kwanza. Unapelekwa gengeni, unapewa bakuli, unaambiwa uchague nyanya. Ukizibonyezabonyeza, umefeli.

"Anayeminya nyanya ya mwenzake, ukuta wangu ataubomoa," husema, na ukimbishia umejitafutia matusi. Mimi nimeshatukanwa vya kutosha.

Basi mwaka jana akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ilitaka malipo kabla ya kumpasua, na zaidi ya vijisenti vya genge, tegemeo lake lilikuwa kodi ya kile chumba, nacho kitupu. Nikadhani atalegeza. Wapi! Akamfelisha mwalimu. Akamfelisha fundi cherehani, dada mpole ambaye ni mteja wake wa kila siku, huku kainamia bakuli pua ikikaribia kugusa vidole vya mwenzake.

"Shangazi, utapofuka na chumba chako kitupu!" nilimfokea.

"Heri nipofuke, ukuta usimame."

Nilimkasirikia mpaka nikakosa usingizi. Bahati nzuri dalali hakukata tamaa, maana tumbo la dalali halikati tamaa. Akaleta bwana mmoja aliyezoa nyanya bila hata kuzitazama, akalipa kodi ya miezi sita papo hapo. Shangazi akafurahi utadhani kaposwa. Bwana mwenyewe huacha bomba wazi mpaka uani kunakuwa bwawa, lakini hayo tuyaache.

Jicho la kwanza likapasuliwa salama. Siku aliyorudi gengeni nilimsindikiza. Muuzaji wa jumla anayemletea nyanya alikuwa keshashusha tenga na kuondoka. Shangazi akafunua. Nusu zilikuwa zimepasuka, nyingine zinavuja maji.

"Leo kaniletea uchafu gani huyu?"

"Ndizo zilezile za siku zote, mama," alisema fundi cherehani, aliyekuja na kikapu chake.

Shangazi akamtazama. "Kumbe ulipokuwa unabonyeza..."

"Nilikuwa natafuta nzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefunga genge. Na jicho lingetibiwa kwa pesa gani?"

"Nikakunyima chumba, na bado ukarudi kununua?"

"Ningekuachia nani, mama?"

Daktari alikuwa amekataza kabisa jicho lile lisilowe. Shangazi akaketi juu ya tenga la nyanya mbovu, akalilowesha.