Gundi ya Makochi Ilivyonigeuza Mteja

Mume wangu ni fundi wa makochi, na tangu tuoane hajawahi kuniambia karibu. Si mkatili, jamani. Mdomo wake umejaa misumari kutwa nzima, akinihitaji anagonga meza kwa nyundo. Sasa asubuhi moja nampelekea chai karakana, nakuta ameinuka, anafuta kiti kwa kiganja.

"Karibu, mama, ukae. Kochi lako litakuwa tayari kesho."

Nikadhani utani. "Baba Watoto, kochi gani?"

"Lile jekundu. Samahani sana kwa kukuchelewesha."

Samahani! Hata siku aliponidondoshea cherehani mguuni hakulitamka neno hilo. 

Kabla ya hapo alikuwa anasahau vitu vidogo vidogo. Mkasi aliushonea ndani ya kiti cha jirani. Simu aliishonea ndani ya kochi la kinyozi, nikimpigia, wateja wanaosubiri zamu wanaruka kama wamekalia siafu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini kunisahau mimi? Mimi niliyemzalia, nikamfulia, nikavumilia mikoromo yake?

Nikamwita shemeji, kaka yake mkubwa, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani tu.

"Kelele za barabarani zinamtawanya akili," akasema. "Anataka utulivu."

Akafunga madirisha ya karakana. Akajaza vipande vya sponji kwenye nyufa, akatundika blanketi mlangoni. Mume wangu alivyozidi kusahau, ndivyo Profesa alivyozidi kuziba, na mwisho akaamua kukaa naye humo ndani ili amsimamie. Jioni akatoka akiyumba, akanitazama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Eti mimi nakaa wapi?"

Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Kesho yake nikawakokota wote wawili hospitali.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alianza na mume wangu. Alianguka akaumia kichwa? Anakunywa pombe? Anameza vidonge vya usingizi? Akaagiza damu ipimwe, sukari, tezi ya shingoni, hata vitamini.

"Kuna kusahau kunakotibika na kuna kusikotibika," akaniambia. "Kwanza tujue kwake kumeletwa na nini."

Akamsogelea amwangalie macho, akarudi nyuma ameziba pua.

"Shati hili linanuka nini?"

"Gundi. Anabandikia sponji."

"Anaipakia wapi?"

"Ndani ya karakana."

"Madirisha yako wazi?"

Nikamgeukia Profesa. Profesa akatazama dari.

"Mnamfukiza mwenzenu!" Upole wote ukamtoka. "Aache kuivuta hewa hiyo leo leo. Akija kurudi kazini, gundi apakie uani, penye upepo. Ila sikuahidi kwamba yote yatarudi."

Profesa alirudiwa na akili zake siku ileile, pamoja na ubishi wake. Mume wangu nikamweka barazani, nikangoja. Majibu ya damu yakaja, hayana tatizo. Naye adabu ndiyo kwanza inaongezeka. "Naomba kupita, mama." "Chakula chako kitamu sana, mama, asante." Majirani wakanionea wivu, na nisiwe mwongo, kidogo nilinogewa. Lakini ikifika saa ya kulala anachukua mto wake anahamia sebuleni, asije akamkosea heshima mke wa watu. Nililia mpaka shuka likalowa. Adabu ya mtu asiyekujua ni ya kazi gani?

Wiki zikaenda. Akaikumbuka njia ya sokoni, akawakumbuka watoto mmoja mmoja, akamkumbuka mpaka Profesa, tena kwa matusi. Mimi bado mama mteja. Nikaanza kujisemea kwamba basi, sura yangu ndiyo iliyopotea.

Asubuhi moja nilikuwa uani naanika nguo, napiga soga na mke wa kinyozi. Mara nikasikia ngurumo kutoka barazani.

"We mwanamke! Gauni umelivaa ndani nje, halafu umesimama hapo kujitangaza mtaa mzima! Huoni haya? Watu watasema huna mume!"

"Maskini," mke wa kinyozi akanong'ona, "ukali umemrudia."

 Nilikaa chini palepale kwenye tope la maji ya kufulia, nikacheka huku machozi yananitiririka, na gauni lile sikuligeuza mpaka jioni.