Mtoto wa Mbuzi

Juzi, kwenye mitumba hapa Bariadi, nilishika fulana ndogo iliyoandikwa "KID", nikaitupa kama imeniunguza.

Miaka ile nilikuwa darasa la tatu, nimekaa na bibi kwenye benchi la hospitali. Mama alikuwa ndani na mdogo wangu mchanga, aliyeshikwa na homa. Harufu ya spiriti ilichanganyika na ya uji wa mtama aliouleta bibi. Daktari akachungulia mlangoni, akamwambia nesi kwa Kiingereza ili sisi tusielewe, "The kid is dead."

"Mayu, anasemaje?" bibi akaniuliza. Ndivyo alivyozoea kuniita.

Nilivimba kichwa. Neno hilo, "kid", mwalimu alitufundisha wiki ileile.

"Mtoto wa mbuzi amekufa, bibi."

"Mbuzi wa nani tena, hospitali?" Akacheka, akaanza kummiminia mama uji.

Kumbe Waingereza waliwaita hivyo wana wa mbuzi kwanza, ndipo jina likahamia kwa watoto wao. Mwalimu wetu aliishia kwenye mbuzi.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka na kanga ya kubebea mtoto, imekunjwa.

Bibi alikuwa bado anacheka.